Historia ya Kioo Bapa, na Neno "Fuwele Oevu"

Watu wa Dar es Salaam, na wa miji mingine mingi ya Tanzania, huzigawa televisheni katika makundi mawili: televisheni za chogo na televisheni za bapa, au za "flati" kama wengi wasemavyo. Chogo ni kile kisogo kilichochomoza nyuma ya kichwa cha mtu. Aliyelipachika neno hilo kwenye televisheni ya zamani hatumjui, ila alikuwa na jicho zuri. Kwa neno moja alieleza umbo la chombo na pia akadokeza siri yake, kwamba nyuma ya kioo kile palikuwa na kitu kilichohitaji nafasi.

Kioo bapa hakikupata bahati ya jina zuri kama hilo. Neno "bapa" laeleza umbo tu, wala halitwambii chogo kimekwenda wapi wala ni kitu gani kimeshika mahali pake. Na wanaojaribu kueleza zaidi, wakatafsiri jina la kitaalamu la kioo hicho, mara nyingi husema "kioo kiowevu". Nimelisikia neno hilo kwa wanafunzi wangu na hata kwa watu wazima wenye elimu. Ni neno linalopotosha, na katika makala haya nataka kuonyesha kwa nini. Lakini haiwezekani kulihukumu neno bila ya kukijua kitu chenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makala ni historia: jinsi kioo bapa kilivyopatikana, jinsi kinavyofanya kazi, na jinsi kinavyotengenezwa. Mwishoni nitarudi kwenye neno.

Chogo na sababu yake

Televisheni ya chogo ilitokana na bomba la kioo alilolibuni Karl Ferdinand Braun katika mji wa Strasbourg mwaka 1897. Ndani ya bomba hilo hewa imeondolewa. Nyuma kabisa, katika ncha ya chogo, pana waya uliopashwa moto unaotoa elektroni. Elektroni hizo hurushwa mbele, zikapindwa na sumaku kushoto na kulia, juu na chini, na kila zinapogonga uso wa mbele uliopakwa unga maalumu, unga huo hung'aa. Picha yote yachorwa hivyo, mstari baada ya mstari, kwa kasi isiyoonekana na jicho.

Sasa ni dhahiri kwa nini chogo kilihitajika. Mkondo wa elektroni lazima upate mwendo wa kutosha kabla ya kufika pembeni mwa kioo, na kioo kikiwa kipana zaidi, mwendo nao hurefuka. Tena, kwa kuwa ndani hamna hewa, kioo lazima kiwe kinene ili kisivunjwe na uzito wa hewa ya nje. Hivyo kila aliyetaka picha kubwa alilazimika kukubali chombo kirefu na kizito. Tangu miaka ya 1950 wahandisi walikuwa na ndoto ya televisheni ya kutundikwa ukutani kama picha. Kitu kilichokuja kuitimiza ndoto hiyo kilikuwa kimekwisha gunduliwa zamani, na aliyekigundua alikuwa mtaalamu wa mimea.

Ugunduzi wa Prague

Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, Mwaustria aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Prague, alikuwa akichunguza dutu za jamii ya kolesteroli zipatikanazo katika mimea, na hasa katika karoti. Aliipasha moto mojawapo ya dutu hizo, iitwayo kolesterili benzoeti, ili apate kujua inayeyuka katika joto gani. Kila dutu safi huwa na kiwango kimoja tu cha kuyeyuka. Hii ilikuwa na viwili. Ilipofika nyuzi 145.5 za Sentigredi iliyeyuka ikawa maji mazito yenye ukungu. Na ilipofika nyuzi 178.5 ukungu ule ukatoweka ghafla, ikabaki maji maangavu.

Mtu mwingine angalifikiri kwamba dutu ile ina taka. Reinitzer aliisafisha tena na tena, na jambo likabaki vile vile. Tarehe 14 Machi 1888 alimwandikia barua Otto Lehmann, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa Aachen wakati huo na aliyekuwa na darubini yenye kipasha moto, akampelekea na sehemu ya dutu yenyewe. Lehmann alipoitazama aliona ajabu. Maji yale yenye ukungu yalitiririka kama maji mengine yote, lakini mwanga ulipopita ndani yake ulitenda kama unavyotenda ndani ya fuwele. Mwaka 1889 Lehmann akatoa makala juu ya "fuwele zitiririkazo".

Ubishi juu ya maneno mawili

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa taaluma ya lugha. Fuwele, kama chembe ya chumvi au sukari, ni kitu ambacho molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu, kila moja mahali pake. Kiowevu ni kitu ambacho molekuli zake zatembea ovyo. Kwa hiyo katika fikra za wataalamu wa karne ya 19, kusema "fuwele inayotiririka" kulikuwa sawa na kusema "mfu anayetembea". Wakubwa wa kemia wa Ujerumani, Gustav Tammann miongoni mwao, walikataa kabisa. Walidai kwamba Lehmann alichokiona ni mchanganyiko wa viowevu viwili, kama maziwa ambamo mafuta yameenea katika maji, na kwamba ukungu ule ulitokana na mchanganyiko huo.

Ubishi huu ulidumu kwa miaka mingi, na Lehmann alifariki mwaka 1922 kabla mambo hayajatulia. Mwaka huo huo Mfaransa Georges Friedel alitoa andiko kubwa lililoweka utaratibu. Friedel mwenyewe hakulipenda jina la "fuwele oevu". Aliona kwamba hali hii si fuwele wala si kiowevu, ni hali ya namna ya pekee iliyo baina ya hizo mbili, na akaipa majina mapya kutoka Kigiriki. Aina ambayo molekuli zake, zilizo kama vijiti virefu, zaelekea upande mmoja lakini zatembea huru, aliiita nematiki, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, kwa kuwa chini ya darubini yaonekana ina nyuzi nyuzi. Aina ambayo vijiti hivyo vimejipanga kwa tabaka aliiita smektiki, kutokana na neno la sabuni. Ya tatu, ambayo mielekeo yake yajisokota hatua kwa hatua kama ngazi ya kuzunguka, aliiita kolesteriki, kwa heshima ya dutu ya Reinitzer. Majina haya matatu yangali yakitumika. Lakini jina alilolikataa, ambalo lajipinga lenyewe, ndilo lililoshinda katika lugha karibu zote. Jina lililowakera wataalamu lilikuwa limegusa ukweli wa kitu chenyewe.

Wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba dutu hizi zitakuwa na kazi yoyote. Hata hivyo mambo mawili yaligunduliwa yaliyokuja kufaa baadaye. Mwaka 1911 Charles Mauguin wa Ufaransa alionyesha kwamba fuwele oevu ikiwekwa kati ya vipande viwili vya kioo, molekuli zake hufuata mwelekeo wa nyuso za vioo hivyo, na kwamba kioo kimoja kikigeuzwa, molekuli zilizo katikati hujisokota na kuugeuza mwanga pamoja nazo. Na mwaka 1927 Vsevolod Frederiks, katika Leningrad, alionyesha kwamba nguvu ya sumaku yaweza kuzigeuza molekuli hizo kutoka mwelekeo wao. Baadaye ikajulikana kuwa umeme nao waweza. Frederiks hakupata kuona matunda ya kazi yake. Alikamatwa mwaka 1936 katika msako wa utawala wa Stalin, akafariki mwaka 1944.

Jinsi fuwele oevu inavyoutawala mwanga

Kabla ya kuendelea na historia yafaa tueleze kanuni yenyewe. Mwanga ni mawimbi, na mawimbi hayo hutikisika kwa pande zote. Pana utando, wa aina iliyobuniwa na Edwin Land wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, unaopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu na kuzuia mwingine. Ukiweka tando mbili za namna hiyo, moja imesimama na nyingine imelala, mwanga hauwezi kupita. Uliopita wa kwanza utazuiwa na wa pili.

Sasa tutie kati ya tando hizo fuwele oevu ya nematiki, iliyobanwa katika vioo viwili, na molekuli zake zimesokotwa robo ya duara kutoka kioo kimoja hadi cha pili. Mwanga uliopita utando wa kwanza huingia ndani, hufuata msokoto, hugeuka robo ya duara, na ufikapo kwenye utando wa pili hukuta njia iko wazi. Kioo chaonekana cheupe. Tukiunganisha umeme kidogo, wa volti chache tu, molekuli hunyanyuka na kusimama wima, msokoto hupotea, mwanga haugeuki tena, na utando wa pili huuzuia. Kioo chaonekana cheusi. Umeme ukiwa kati na kati, mwanga nao huwa kati na kati.

Msomaji ataona kwamba fuwele oevu haitoi mwanga wowote. Kazi yake ni ya dirisha la vibao: taa iko nyuma, na vibao vyafunguka na kufunga. Ndiyo maana hutumia umeme mdogo mno, na ndiyo maana saa ya mkononi yaweza kwenda miaka mingi kwa betri ndogo kama kifungo.

Marekani: waliotangulia wakaacha

Mwaka 1962 Richard Williams, katika maabara za kampuni ya RCA huko Princeton, aliona kwamba fuwele oevu ikipitishiwa umeme hufanya michirizi inayobadilisha mwanga. George Heilmeier na wenzake wa kampuni hiyo hiyo waliendeleza jambo hilo tangu mwaka 1964. Dutu ya Williams ilihitaji kupashwa moto zaidi ya nyuzi 100. Kundi la Heilmeier lilipata michanganyiko iliyofanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Njia yao ilikuwa tofauti na ile niliyoieleza: umeme uliivuruga fuwele oevu ikawa nyeupe kama maziwa, na weupe huo ndio uliofanya tarakimu zionekane. Tarehe 28 Mei 1968 RCA iliwaita waandishi wa habari na kuwaonyesha kioo kipya.

Kwa kila hali RCA ndiyo iliyopaswa kuumiliki ulimwengu wa vioo bapa. Lakini biashara yake kubwa ilikuwa bomba la chogo, na hataza zake za televisheni ya rangi zilikuwa zikiiletea fedha nyingi kutoka nchi nyingi. Heilmeier aliondoka mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata kampuni ikaiacha kazi hiyo. Waliokuja kuichukua walikuwa Wajapani. Tomio Wada, mhandisi wa Sharp, aliiona kazi ya RCA katika kipindi cha televisheni ya nchi yake, akatambua kwamba kioo hicho chafaa kwa mashine ndogo ya hesabu. Mwaka 1973 Sharp ilitoa mashine iitwayo EL-805, yenye unene wa sentimita 2.1, iliyoweza kufanya kazi takriban saa 100 kwa betri moja ndogo.

Basel, Ohio na Hull

Njia ya RCA ilikuwa na kasoro. Ilitumia umeme mwingi kuliko ilivyohitajika, na dutu yake ilichakaa. Njia bora ya msokoto ilitoka Uswisi. Wolfgang Helfrich alikuwa amefanya kazi RCA, na baadaye alisimulia kwamba wazo la msokoto alikuwa nalo tangu huko, lakini halikupata wa kulishika. Mwaka 1970 alihamia Basel katika kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche, na pamoja na Martin Schadt wakaandikisha hataza tarehe 4 Desemba 1970. Huko Ohio, Marekani, James Fergason alikuwa amefikia jambo lilo hilo kwa njia yake mwenyewe, naye akaandikisha hataza yake Aprili 1971. Mashtaka yakafuata, na mwishowe yakaisha kwa mapatano, hataza ya Fergason ikawa mali ya kampuni ya Basel.

Likabaki tatizo la dutu yenyewe. Fuwele oevu za wakati ule ama zilihitaji joto, ama ziliharibiwa na unyevu na mwanga. Jawabu lilitoka katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, kwa George Gray, mtu aliyezichunguza molekuli hizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati ambapo hazikuwa na faida yoyote kwa mtu yeyote, na aliyetoa kitabu juu yake mwaka 1962. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilipohitaji mtaalamu, kitabu hicho ndicho kilichoonyesha njia ya kumfikia. Mwaka 1972 Gray na wenzake walitengeneza dutu mpya, imara, isiyo na rangi, wakaitangaza mwaka 1973. Iliyo mashuhuri zaidi kati yake hukaa katika hali ya nematiki baina ya nyuzi 24 na 35 hivi. Saa yenye dutu hiyo peke yake ingaliharibika tarakimu zake adhuhuri moja ya Zanzibar ikiachwa juani. Ndipo Peter Raynes wa maabara ya serikali huko Malvern alipokokotoa mchanganyiko wa dutu nne za jamii hiyo uliofanya kazi kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi nyuzi 60 hivi. Mchanganyiko huo uliingia katika saa na mashine za hesabu za dunia nzima.

Lango la kila nukta

Kuonyesha tarakimu chache ni rahisi: kila kipande cha tarakimu huwa na waya wake. Picha ya televisheni ni jambo jingine. Kioo cha kawaida cha leo chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta 2,073,600, na kila nukta ina vipande vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu. Jumla ni vipande 6,220,800. Haiwezekani kukipa kila kipande waya wake hadi pembeni. Huwekwa nyaya za safu na nyaya za mistari zinazokatana kama nyuzi za mkeka, lakini basi umeme unaokusudiwa nukta moja hugusa na za jirani, na picha hufifia.

Dawa yake ilikuwa kuweka transista ndogo kwenye kila makutano, ifanye kazi ya lango: hufunguka, huingiza umeme katika nukta, hufunga, na umeme hukaa humo mpaka zamu yake irudi. Paul Weimer wa RCA alikuwa ametengeneza transista za tabaka nyembamba mwaka 1962. Aliyezitumia kwa kioo cha fuwele oevu ni Peter Brody, mzaliwa wa Budapest, katika kampuni ya Westinghouse huko Pittsburgh, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 alionyesha kioo cha nukta 120 kwa 120. Kampuni yake nayo iliifuta kazi hiyo mwaka 1979.

Transista za Brody zilikuwa za kadmiamu selenaidi, dutu iliyokuwa na taabu kutengenezwa kwa usawa. Mwaka 1975 Walter Spear na Peter LeComber wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele yaweza kutawaliwa kama silikoni ya kawaida, na mwaka 1979 wakatengeneza transista kwa silikoni hiyo. Fadhila yake kubwa ni kwamba yaweza kutandazwa juu ya kioo kipana katika joto ambalo kioo chaweza kulistahimili. Mwaka 1988 Sharp ilionyesha kioo cha rangi cha inchi 14 kwa njia hiyo. Tangu siku ile siku za chogo zikawa zinahesabika.

Utengenezaji

Kazi huanza na kioo. Katika njia maarufu ya kampuni ya Corning, kioo kilichoyeyuka humiminwa katika mfereji mpaka kikafurika pande zote mbili. Mafuriko hayo mawili hukutana chini ya mfereji, yakaungana kuwa karatasi moja iteremkayo. Nyuso zake hazikuguswa na kitu ila hewa, kwa hiyo ni laini bila kusuguliwa. Unene wake ni nusu milimita au zaidi kidogo. Kioo hiki hakina sodiamu, kwa sababu chembe za sodiamu hupenya katika transista na kuziharibu.

Juu ya kioo cha nyuma hutengenezwa transista. Tabaka la metali hutandazwa, hupakwa dawa inayoathiriwa na mwanga, humulikwa kupitia kiolezo, husafishwa, kisha pasipotakiwa huliwa na tindikali au gesi. Halafu tabaka jingine, na kiolezo kingine, mara nne au tano, kama chapa za rangi zinavyofuatana juu ya kanga. Na kama ilivyo kwa kanga, chapa moja ikikosa mahali pake kazi yote imeharibika. Mwisho huwekwa oksidi ya indiamu na bati, dutu ya ajabu inayopitisha umeme huku ikipitisha mwanga. Kioo cha mbele hupewa rangi tatu na vimistari vyeusi vya kuzitenga.

Kisha nyuso za ndani hupakwa plastiki nyembamba iitwayo poliimidi, na plastiki hiyo husuguliwa kwa kitambaa kilichozungushiwa gurudumu, kwa upande mmoja. Msuguo huo ndio uzifundishao molekuli zielekee wapi, kama alivyoona Mauguin. Jambo hili hunistaajabisha kila nilifikiripo. Katika kiwanda ambamo wafanyakazi wamevaa nguo za kufunika mwili wote ili vumbi lisianguke, kazi iliyo muhimu kupita nyingi ilifanywa kwa miaka mingi kwa kusugua kwa kitambaa. Siku hizi viwanda vingi hutumia mwanga wa urujuanimno badala yake.

Vioo viwili hutenganishwa kwa vinguzo vidogo mno, nafasi kati yao ikiwa maikromita tatu au nne hivi. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara kumi na zaidi. Fuwele oevu hudondoshwa matone yaliyopimwa, vioo hukutanishwa mahali palipoondolewa hewa, na kingo huzibwa. Baadaye hukatwa, hubandikwa tando za nje, huunganishwa na nyaya, na huwekwa taa nyuma. Taa hizo zilikuwa mirija; sasa ni vijitaa vya LED, vilivyowezekana baada ya Shuji Nakamura wa Japani kutoa kijitaa cha buluu chenye nguvu mwaka 1993, kazi iliyompa yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano tuzo ya Nobel mwaka 2014. Na katika mwanga wote utokao kwenye taa, unaomfikia mtazamaji kwa kawaida ni chini ya sehemu moja ya kumi. Mwingine humezwa na tando, rangi na nyaya.

Safari ya viwanda

Viwanda vya kwanza vya Japani, karibu mwaka 1990, vilitumia karatasi za kioo za milimita 300 kwa 400 hivi. Karatasi ikiwa kubwa, televisheni nyingi zaidi hukatwa kwa kazi moja, na bei hushuka. Kwa hiyo kila kampuni ilijenga kiwanda kikubwa kuliko cha mwenziwe. Wakorea walijiunga katikati ya miaka ya 1990, kisha Taiwan, kisha China. Kiwanda cha Sharp huko Sakai, kilichoanza mwaka 2009, kilitumia karatasi za milimita 2,880 kwa 3,130. Kile cha kampuni ya BOE huko Hefei, China, kilichofuata, milimita 2,940 kwa 3,370. Mwaka 2024 Sakai iliacha kutengeneza vioo vya televisheni. RCA yenyewe ilikuwa imekwisha nunuliwa na General Electric mwaka 1986.

Palikuwa na njia nyingine za kuondoa chogo. Kioo cha plazma kilibuniwa mwaka 1964 na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson katika Chuo Kikuu cha Illinois. Kilitamba kwa televisheni kubwa, kisha kampuni kubwa zikakiacha katika miaka ya 2013 na 2014. Kioo cha dutu za kaboni zinazong'aa zenyewe kilitokana na kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak, iliyotangazwa mwaka 1987, na leo kimo katika simu nyingi. Kioo hicho hakihitaji taa ya nyuma, wala fuwele oevu.

Nani basi ndiye aliyebuni kioo bapa? Mwaka 2012 tuzo ya uhandisi ya Draper ilitolewa kwa Heilmeier, Helfrich, Schadt na Brody kwa pamoja. Brody alikuwa amefariki miezi michache kabla. Majina manne ni haki zaidi kuliko moja, lakini Gray hayumo, wala Fergason, wala wa Dundee, wala Wada. Kwa maoni yangu hadithi hii yaonyesha kwamba kuona mapema na kuvumilia mpaka mwisho ni vipaji viwili, na mara chache hukutana katika nyumba moja.

Juu ya neno

Sasa turudi kwenye "kioo kiowevu". Kosa lake si dogo. Kioo, kwa maana ya kile kifanyacho madirisha, ni kitu kigumu ambacho molekuli zake hazina mpangilio. Fuwele oevu ni kitu kitiririkacho ambacho molekuli zake zina mpangilio. Mambo mawili haya yamepingana kwa kila upande. Anayesema "kioo kiowevu" ameondoa mpangilio, ambao ndio roho ya jambo lenyewe, akabakiza utiririkaji peke yake. Na katika chombo chetu vyote viwili vimo: karatasi mbili za kioo, ngumu na zisizo na mpangilio, zimeibana dutu iliyo laini na yenye mpangilio. Lugha isiyoweza kuvitenga haiwezi kueleza chombo hiki.

Hata hivyo tusiwalaumu mno wanaokosea. Mchanganyo huu ni wa zamani. Neno letu "bilauri" limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni fuwele, yaani lile jiwe jeupe liangazalo; pwani likawa jina la gilasi ya kunywea maji. Waingereza nao huziita bilauri zao za fahari kwa jina la fuwele, ingawa ni kioo tu. Mwanadamu kila mahali ameona uangavu, akavipa vitu viwili jina moja. Isitoshe, neno "kioo" kwetu limebeba mizigo mingi: ni kioo cha dirisha, ni kioo cha kujitazamia, na sasa ni kioo cha simu. Kwa maana hii ya mwisho ni neno zuri, limekubaliwa na watu wote, na sioni sababu ya kulipiga vita. Kioo cha simu ni kioo. Kilichomo ndani yake ndicho kinachohitaji jina jingine.

Jina hilo tunalo. Wataalamu wetu wa istilahi wamekwisha kuliweka neno "fuwele" kwa kitu chenye mpangilio, na kivumishi "-oevu" tunakitumia katika "ardhi oevu" bila taabu. "Fuwele oevu" ni maneno mawili yanayopingana, nayo ndiyo sifa yake. Msomaji anayeyasikia kwa mara ya kwanza atashangaa, atauliza inawezekanaje, na swali hilo ndilo alilojiuliza Lehmann mbele ya darubini yake. Neno lisiloleta swali lingaliweza kuingia vichwani kwa urahisi zaidi, lakini lingaliingia tupu.

Yule mtu asiyejulikana aliyesema "chogo" alikitazama kitu kabla ya kukipa jina. Sisi tulio na kamusi, na vyuo, na kamati, hatuna udhuru wa kufanya pungufu ya hivyo.